Robo ya Sahani

3 Machi

Dada,

Mimi mzima, ila miguu inanung'unika kwa kusimama kutwa. Najua ungependa nipige simu, lakini simu hunimeza sauti, na ukinyamaza kidogo tu nadhani umekasirika. Kwenye karatasi angalau nafika mwisho wa sentensi.

Kazi yenyewe hapa maabara ni kupika chakula cha inzi. Usicheke. Ni wale wadogo wa kwenye matunda yaliyoiva kupita kiasi, wenye macho mekundu. Saa moja asubuhi nachemsha unga wa mahindi, sukari, hamira, na unga mweupe wa mwani ambao uji ukipoa unaugandisha kama sabuni laini. Namimina kwenye vichupa mia tatu, kila kimoja naziba kwa pamba. Mwanamke anayesimamia jiko hilo wanamwita Mama Chupa. Amenisifu mara moja tu tangu nifike: "Wewe mtoto huna maneno, utadumu hapa."

Inzi wetu ni ukoo mgonjwa. Wamezaliwa na kasoro, seli za ubongo zinazouamrisha mwili utembee zinakufa moja moja kabla ya wakati wake. Dada, ni kama zile zinazokufa kwa Baba. Siku niliyoelewa hivyo nilimwaga uji. Mtafiti anayewachunguza inzi hawa alituchorea ubaoni: ndani ya kila seli mna majiko madogo sana, yanaitwa mitokondria, kazi yake ni kuunguza chakula kiwe nguvu. Seli za ubongo zina majiko mengi maana hazipumziki. Jiko likichakaa au likilishwa vibaya linatoa moshi kuliko moto, na moshi huo ndio unaoila seli kutoka ndani. Kwa hiyo tunabadilisha chakula. Inzi hawa wanapata sukari nyingi, hawa cha kawaida, hawa nusu, hawa robo, tuone majiko ya nani yatadumu.

Nani anamtungia Baba uzi kwenye sindano ya kushonea siku hizi? Ni wewe, najua ni wewe. Ilikuwa kazi yangu tangu nina miaka sita. Usiniambie kwamba unaifanya vizuri.

Mwambie kila nikinusa pasi ya moto namkumbuka. Muulize mikono inaendeleaje, na kama analala.

Mdogo wako,
Kimya

11 Machi

Kimya,

Hongera kwa kulipwa kulisha inzi. Mimi hapa nawafukuza bure.

Umeuliza habari za Baba. Juzi alishona vifungo sita kwenye shati la mteja. Vinne vikakaa mstari mmoja, viwili vikaenda matembezi. Mteja akaliinua shati akasema, "Fundi, hili nalo limelewa?" Baba akacheka naye vizuri tu. Mteja alipotoka, akaingia kwenye kile chumba cha kupimia nguo, akavuta pazia, akakaa humo mpaka chai ikapoa. Vifungo nimefumua na kushona mimi. Dawa anameza kila siku bila kukosa, lakini mkono wa kulia sasa unatetemeka hata akiwa amekaa.

Ile picha ya seli na majiko yake naijua. Niliichora mimi, kwenye daftari la kijani uliloazima ukaenda nalo mpaka kwenye mtihani. Alama zangu zilikuwa juu ya zako. Ila Mama alipotutoka ilibidi mtu mmoja abaki na cherehani, na mtu huyo hakuwa wewe. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba nilipoliona neno mitokondria kwa mwandiko wako, nilikunja barua nikaenda kupiga pasi mpaka bega likauma.

Sindano natunga mimi. Natunga vizuri sana.

Sasa, unaposema "kulishwa vibaya" una maana gani? Kidogo ni kiasi gani? Nipe namba. Kama kuna kitu cha kumsaidia, sitaki kukisikia nusunusu.

Dada yako

21 Machi

Dada,

Uliomba namba. Keti kwanza.

Tunawapima kwa kupanda. Natia inzi ishirini kwenye chupa ndefu, naigonga mezani mara tatu, wote wanaanguka chini. Halafu nahesabu sekunde kumi, naangalia wangapi wamepanda wakavuka mstari. Mzima hupanda tu, ndiyo tabia yake. Mgonjwa hubaki chini akijikokota.

Leo ni wiki ya pili. Wa sukari nyingi wamevuka watano. Wa kawaida tisa. Wa nusu kumi na wawili. Wa robo kumi na saba! Kumi na saba kati ya ishirini, Dada, na ni wagonjwa! Nimerudia mara tatu.

Kwa hiyo jibu ni robo. Si nusu, ni robo. Na sukari iondoke kabisa kwenye chai yake.

Chakula kile nilikipika mimi, na aliyehesabu ni mimi. Mwambie Baba hivyo, kwa maneno hayohayo: aliyehesabu ni Kimya. Wewe unamwona kila siku, unaweza kumpa chochote, hata maji tu ukampa anakushukuru. Mimi nina hii namba peke yake.

Muulize kama bado anaimba akikata kitambaa. Mwambie chumba ninacholala kina dirisha kubwa, angelipenda kwa ajili ya mwanga.

Kimya

4 Aprili

Kimya,

Nimeanza siku ileile barua ilipofika. Nilichukua chaki yake ya kukatia nguo nikatia alama nne kwenye ukingo wa sahani. Chakula kinakaa fungu moja, mafungu matatu yanabaki meupe. Kila baada ya kuosha nachora upya, kwa rula. Kama ni kazi ya kisayansi, basi ifanywe kisayansi.

Siku ya kwanza aliitazama sahani, akanitazama mimi, akauliza, "Hao wageni wengine watatu wamekwenda wapi?" Nikamwambia hayo ni maagizo ya Kimya. Akavuta kiti akala. Hakuuliza tena mpaka leo. Nimekaa naye miaka mitatu, nikimwambia avae sweta naambulia "ee" na sweta inabaki msumarini. Wewe unaandika neno moja kutoka kwa inzi, anatii kama mtoto wa darasa la kwanza. Sasa kila chakula anataka kwanza nimsomee ulichoandika. Mdomo ni wangu, maneno ni yako. Sijui kama unaelewa jinsi hilo linavyouma.

Lakini haya, sikiliza. Hatulii! Zamani alikuwa anakaa kitini asubuhi nzima kama gunia. Sasa anainuka, anakwenda mlangoni, anarudi, anafungua kabati, analifunga, anakwenda jikoni, anasimama, anarudi tena. Jana nilihesabu: mara kumi na nne kabla ya adhuhuri. Anapanda, Kimya! Anapanda!

Muuza vitambaa wa duka la pili ameanza kuniita Daktari. "Daktari, na hili goti langu utalifanyia nini?" Nikamwambia alete sahani yake. Wateja walicheka. Sikumweleza habari za inzi, watu wengine ukiwaambia jambo kubwa wanalishika kwa mkia. Lakini Kimya, miaka mitatu hakuna mtu aliyeniita chochote zaidi ya "binti wa Fundi". Nililala nalo lile neno.

Dada yako

13 Aprili

Dada,

Nimefurahi. Nimeandika "nimefurahi" mara mbili nikafuta, maana lilikaa pale kama shati la kuazima. Kwa Baba nimefurahi kwa kweli.

Lakini Daktari? Mimi nikitoka kazini nanuka hamira mpaka watu wanasogea. Hakuna anayeniita kitu chochote, hata Mama Chupa husema "we". Namba niliihesabu mimi, na jina umepata wewe, na Baba unaye wewe, na sindano unayo wewe. Naona wivu. Nimeona heri niandike kuliko unione nimenuna kwenye mwandiko.

Hivi Baba mbona hanijibu? Kila barua namuuliza habari zake na kila barua yako inarudi bila neno lake. Hata "ahsante" hakuna. Ulimwambia ni nani aliyehesabu?

Kimya

20 Aprili

Dada,

Jana nilipokupigia ulinikatia simu. Najua nilikuwa nababaika, lakini nilisema, na ulisikia: mpe Baba chakula. Ukanijibu, "Leo ndiyo umepata sauti? Baada ya mimi kuitwa Daktari?" Tangu hapo nimepiga mara sita, hupokei. Kwa hiyo naandika, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Jana tulitoa chupa za wiki ya sita. Kwenye chupa za robo, chini kumejaa miili. Kati ya ishirini wamebaki wanne. Nilidhani nimekosea lebo. Mama Chupa akaichukua chupa mkononi mwangu akasema, "Sasa wewe ulifikiri wale walipanda kwa afya? Inzi mwenye njaa hupanda. Anatafuta. Aliyeshiba anatulia zake." Robo iliwekwa makusudi, Dada, ili Mtafiti ajue msaada wa chakula kidogo unaishia wapi na njaa inaanzia wapi. Wa nusu bado wanaendelea. Wa sukari nyingi ndio wanajikokota. Wa robo wanakufa.

Na wewe uliniandikia kwamba Baba anafungua kabati, anakwenda jikoni, anasimama, anarudi. Dada, anatafuta chakula.

Sasa neno gumu. Siku ile ya kumi na saba kati ya ishirini, Mama Chupa alinionya palepale: "Namba ya wiki ya pili si ya kuamini, ngoja ya sita." Nilimsikia vizuri. Sikukuandikia. Nilitaka Baba apate namba kubwa kutoka kwangu kabla hajapata kitu kingine kizuri kutoka kwako. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine. Na hata ile nusu usiifuate. Inzi ni inzi. Hakuna mtu hapa aliyesema chakula cha Baba kipunguzwe, nilisema mimi.

Futa ile chaki. Mpeleke kwa watu wa lishe kliniki wamwone.

Kimya

27 Aprili

Kimya,

Nimesoma mpaka mwisho. Sasa na wewe nisome.

Machi unaapa kwa namba. Aprili, tarehe kumi na tatu, unaandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba unaona wivu. Wiki moja baadaye, inzi wote wanakufa. Mimi sikusoma mpaka ulikofika wewe, lakini hesabu ya namna hiyo naiweza. Ungekuwa na subira kidogo ningekuamini.

Baba hajambo. Amekuwa mwepesi, anaonekana kijana. Na ukitaka ushahidi, ameshona! Alikaa mwenyewe kwenye cherehani, hakumwita mtu, akapunguza kiuno cha suruali yake ya kahawia. Wiki mbili baadaye akaipunguza tena, mshono umenyooka kama uzi wa mvua. Mtu ambaye Machi alishindwa na kifungo! Na hilo nalo utaniambia ni njaa?

Kwa mara ya kwanza katika nyumba hii kuna kitu kinachokwenda vizuri na kimepita mikononi mwangu. Niachie hiki kimoja. Wewe unacho cheti, una mshahara, una dirisha kubwa. Na ukiniandikia tena habari ya wafu wako wa chupani, sitafungua bahasha.

Dada yako

3 Mei

Shikamoo Baba,

Barua hii nimempelekea muuza vitambaa akupe mkononi mwako. Usimwambie Dada kwanza. Sijawahi kukuandikia peke yako, na tangu asubuhi nimeanza mara nne.

Naomba unipimie mteja mmoja. Chukua futi yako, jipime kiuno kama unavyopima watu, bila kuvuta tumbo ndani na bila kulitoa. Halafu fungua lile daftari la vipimo, mwanzoni kabisa, ulipoandika vipimo vyako mwaka ulipojishonea suti ya harusi ya mjomba. Niandikie namba zote mbili. Bahasha yenye stempu ni hii hapa ndani.

Mimi ndiye niliyesema robo. Nilikosea, Baba. Sikukosea kwa bahati mbaya, nilikosea kwa kutaka sifa. Kama una njaa, kula sasa hivi, mbele ya Dada, na umwambie ni mimi niliyekuruhusu.

Binti yako,
Kimya

9 Mei

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Utavumilia mwandiko. Naanza na herufi kubwa, zinajipunguza zenyewe njiani mpaka zinakuwa kama mbegu za nyanya. Daktari alisema ni ugonjwa, si ubahili wa wino.

Mteja wako nimempima. Suti ya harusi: kiuno thelathini na tano. Leo: ishirini na tisa na nusu. Nimepima mara mbili kwa sababu fundi hapimi mara moja. Suruali nimeipunguza mara tatu. Ile ya tatu dada yako hajaiona. Kitambaa cha kukunjia kimekwisha, sasa navaa mkanda.

Ndiyo, mwanangu. Nina njaa. Tangu mwezi wa nne naota mkate. Muuza vitambaa hunikatia kipande akimwona dada yako ameelekea sokoni, nakula nyuma ya majora ya vitambaa kama mwizi, halafu naona nimewasaliti nyote wawili. Mikono haijapona. Inatetemeka zaidi nikiwa mtupu tumboni. Siku niliyoshona vizuri ilikuwa baada ya ule mkate.

Utauliza kwa nini sikusema. Ningesema nini? Huku mmoja anapika vichupa usiku na mchana kwa ajili yangu, huku mwingine anachora sahani kwa rula. Tangu mama yenu atutoke sijawaona mkishika kamba moja. Nikadhani hii ndiyo kamba yenyewe, nikakaa katikati nisiikate. Ukila kidogo hufi leo. Ukiwakatisha tamaa watoto, unawaona wakikatika.

Lakini na mimi nina swali, usikasirike. Barua zako husomwa hapa mezani kila siku. Mbona zina namba tu? Inzi wangapi, sukari kiasi gani, robo, nusu. Hujawahi kuniuliza hali hata mara moja. Nilijiambia, basi, kazi imembana, ni msichana wa watu wakubwa sasa. Lakini niliona uchungu kidogo, na wewe umekubali makosa yako, nami nakubali wivu wangu. Niliwaonea wivu inzi.

Leo mchana nitakula. Nitamwonyesha dada yako barua hii kabla sijaiziba, au baada. Sijaamua. Ni mkali siku hizi.

Baba yako

13 Mei

Dada,

Ishirini na tisa na nusu. Alikuwa thelathini na tano. Amejipima mwenyewe, kwa futi yake, na wewe unajua Baba hakosei kipimo. Ile mishono uliyoniandikia kwa furaha, alikuwa anaifuata nyama yake inavyoondoka. Na mimi ndiye niliyekuambia robo. Sikwepi hata kidogo, tumemla Baba sisi wawili, mimi kwa kalamu na wewe kwa chaki.

Lakini kuna ulilolifanya peke yako. Kwenye kila barua nilimuuliza hali. Mikono, usingizi, kama anaimba, nikinusa pasi. Kila barua, Dada! Na yeye anasema nimemwandikia namba tu. Ulikuwa unasoma, ukifika kwenye maneno yangu kwake unaruka. Nilidhani ananinunia. Yeye alidhani nimemsahau. Miezi miwili, tumekaa hivyo, na wewe katikati umeshika karatasi.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi ikifika kabla sijasikia kwamba ameonwa kliniki, napanda gari nakuja, na kazi ikipotea na ipotee. Mama Chupa nimemweleza yote. Hakunikaripia. Amesema tu, "Baba yako na dada yako, hao ndio inzi ambao hatukuwaweka kwenye daftari."

Kimya

1 Juni

Mdogo wangu,

Nilikutumia ujumbe Ijumaa ile, "Ameonwa, amekula, usije bado." Haya ndiyo maelezo yake marefu.

Baba hakunionyesha barua yake. Alinyoosha mkono mezani mchana ule, akachukua kitambaa chenye maji, akafuta alama za chaki mbele ya macho yangu, moja moja, taratibu, maana mkono ulikuwa unacheza. Halafu akasema, "Pakua." Nikapakua. Alikula bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimesimama na mwiko, nikaona mifupa ya shingo yake inavyopanda na kushuka, na nikashindwa kuelewa macho yangu yalikuwa wapi mwezi mzima. Yalikuwa kwenye rula.

Kliniki tulimkuta mama wa lishe, mtu wa miraba minne, sauti ya kwaya. Alimpima uzito, akaandika, akauliza, "Mpango huu aliwapa nani?" Nikasema, "Inzi, mama." Alidhani namfanyia mzaha. Ilibidi nieleze yote, na nilivyokuwa naeleza nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Hakucheka. Alisema hakuna sahani inayofufua seli iliyokwisha kufa, kubwa wala ndogo. Zilizobaki ndizo za kutunzwa, na mwili wenye njaa hautunzi kitu. Sukari ya chai ipungue, hapo inzi wako hawakukosea. Lakini ale, ashibe: maharage, mboga za majani, samaki, karanga, matunda, mafuta kidogo. Vidonge ameze nusu saa kabla ya chakula, maana akivimeza pamoja na maharage au samaki havifanyi kazi sawasawa. Hilo peke yake lilinivunja. Miaka mitatu alikuwa anameza na sahani mbele yake, na hakuna aliyetuambia, wala mimi wa alama za juu sikuuliza.

Ameongeza kilo mbili. Mikono bado inatetemeka, nisikudanganye. Asubuhi ni afadhali, jioni si afadhali. Suruali ya kahawia ameifumua kiuno mwenyewe. Muuza vitambaa ameniuliza, "Daktari, mgonjwa anaendeleaje?" Nikamwambia asiniite hivyo tena. Akasema, "Haya, binti wa Fundi." Na lile nalo likauma, Kimya, sijui nikuambie uongo kwa nini.

Sasa lile la barua. Ni kweli. Niliruka. Mara ya kwanza haikuwa makusudi, nilifika kwenye "nikinusa pasi ya moto namkumbuka" nikashindwa kuyatamka, nikarukia namba. Nilipoinua macho Baba alikuwa ananitazama mimi, anasubiri neno linalofuata kutoka mdomoni mwangu. Hajawahi kunitazama vile. Mara ya pili nilijua ninachofanya. Nilitaka ubaki mtu wa namba na mimi nibaki mtu wa nyumbani. Wewe ulikuwa umechukua kila kitu ambacho kilikuwa changu, nikaona hili dogo halitakupunguzia. Lilimpunguzia yeye.

Jana Jumapili duka lilifungwa. Nilizileta barua zako zote mezani, baada ya chakula, sahani imekwisha na bado anachovya mkate. Nikamwambia, "Baba, kuna mahali nilisoma vibaya." Nikaanza na ya tatu Machi. Nilisoma kila kitu, miguu inayonung'unika, Mama Chupa, pasi, sindano, kuimba, dirisha lenye mwanga, hata pale uliponisema. Mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya meza na hakuuficha.

Nilipomaliza alifuta uso kwa ile futi iliyo shingoni, akasema, "Rudia."

Nikarudia tangu mwanzo. Niliona wivu mpaka mstari wa mwisho, mdogo wangu, lakini nilisoma.

Dada yako